Je, Kitendo cha Mazoea ni Chetu?

Baadhi ya vijana wanaohudhuria darasa letu wametuletea suala ambalo, kwa uzito wake, tumeona si vyema kulijibu kwa maneno mawili ya mlangoni mwa msikiti. Wamesoma kwamba wataalamu waliochunguza jinsi ubongo unavyoviendesha viungo wamethibitisha kuwa mkono huanza kuandaliwa kutenda kabla mwenyewe hajajua kuwa ataka kutenda. Basi wauliza: ikiwa ni hivyo, mwanadamu ataulizwa nini Siku ya Kiyama? Na iko wapi nia, ambayo ndiyo roho ya kila ibada?

Kwanza yatupasa tujue kilichosemwa khasa. Kwani si insafu kuipinga elimu kabla ya kuifahamu, wala si busara kuikubali kwa kuwa tu imetoka ng'ambo. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hans Kornhuber na Lüder Deecke, walieleza kuwa kabla mtu hajakitikisa kidole kwa hiari yake, umeme mdogo wa ubongo huanza kubadilika. Mwaka 1983 Benjamin Libet wa Marekani na wenzake waliwataka watu waukunje mkono wakati wowote wapendao, na huku wakitazama saa maalumu waseme ni lini hamu ya kufanya hivyo iliwajia. Sekunde moja ikigawiwa mafungu elfu, mabadiliko ya ubongo yalianza mafungu kama 550 kabla ya mkono kwenda, na habari ya kutaka ikamfikia mwenyewe mafungu kama 200 tu kabla yake. Hapo ndipo waliposema wasemao kuwa mwanadamu ni abiria katika mwili wake, wala si nahodha.

Sisi twasema: hoja hii haisimami. Hata wenye fani hii wenyewe hawakuafikiana juu yake. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa mabadiliko yale yaweza kuwa ni mawimbi tu ya ubongo yapandayo na kushuka, ambayo humvukisha mtu pale asipokuwa na sababu ya kuchagua dakika hii kuliko ile. Na lililo kubwa zaidi ni hili: watu wale walikwenda kwa miguu yao, wakasikia walilotakiwa, wakaridhia. Nia yao ilifungwa hapo, na kidole kilifuata baadaye. Na hili si geni kwetu. Mwenye kufunga Ramadhani hutia nia usiku, na mchana huenda akashughulika hata akasahau kuwa amefunga. Na saumu yake ni sahihi. Mwenye kuswali hutia nia moja kwenye takbira ya kwanza, wala hatakiwi kuifanya upya kwa kila rukuu na kila sijida. Hapana mwanachuoni aliyeitaka nia ya kila kifundo.

Lakini suala la vijana wetu limefungua mlango wa jambo zito kuliko hizo sekunde, nalo ni mazoea. Mengi tutendayo mchana kutwa hatuyafikirii. Je, hayo nayo ni yetu?

Katika miaka ya 1920, mjini Moscow, Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wakigonga patasi kwa nyundo, akiwa amewafunga taa ndogondogo viungoni. Akaona ajabu: mkono wa fundi hodari haukupita njia ile ile mara mbili. Bega, kiko na kifundo vilibadilika katika kila pigo, na hata hivyo kichwa cha nyundo kilifika palipokusudiwa. Maana yake ni kuwa viungo havikukariri mwendo, vilijifunza lengo.

Na mwaka 1962 Brenda Milner alitoa habari za mgonjwa aitwaye katika vitabu H.M., aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, akawa hawezi tena kuhifadhi jambo jipya. Alifunzwa kuchora kwa kuufuata mpaka wa umbo la nyota, akiutazama mkono wake kwa njia ya kioo tu. Kwa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa hodari, na kila siku yeye mwenyewe hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi ile. Mkono ulihifadhi alichosahau mwenye mkono.

Basi mwili ni mwanafunzi mwaminifu: hushika alichofunzwa, hata mwalimu akishaondoka. Na mwalimu ni nani, kama si sisi? Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifafanua tabia njema kwa mfano wa mwandishi: atakaye kuwa na hati nzuri huulazimisha mkono wake kufuata hati ya mjuzi, hata ikawa ni sifa iliyokita ndani yake. Moyo huviathiri viungo, na viungo navyo huuathiri moyo.

Ikiwa ni hivyo, mwenye duka ambaye kidole chake kimezoea kuielemea mizani hana udhuru wa kusema, "Mkono wangu wenyewe." Sheria imemwondolea hisabu aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe, na mwenda wazimu mpaka apate akili. Mwenye mazoea hakutajwa kati yao. Huenda msomaji akatujibu kuwa kiapo kimtokacho mtu ulimini bila ya kukusudia husamehewa. Ni kweli, lakini kilichosamehewa ni neno lililoteleza, na kinachoshikwa ni kile moyo ulichokichuma. Kidole cha mwenye duka hakikuteleza: kilifunzwa lengo, na lengo lilikuwa ni mali ya watu.

Na hoja hii yatugeukia sisi tuliomo misikitini pia. Wako wainukao na kuinama mara tano kwa siku, na moyo uko sokoni wahisabu magunia. Wengi wa mafakihi husema faradhi imewatoka zikitimia nguzo zake. Lakini ni nani aliyeridhika na mshahara wa mtumishi asiyekuwapo kazini? Na wako watoto wetu vyuoni, ambao ndimi zao zimefunzwa juzuu thelathini, na hapana aliyewaeleza maana ya Alhamdu. Hatuidharau hifdhi, hasha! Ulimi uliohifadhi ni hazina. Lakini mwalimu akomaye hapo amekifunza kiungo na kumwacha mwenye kiungo.

Mazoea ni mnyama wa kupanda: hutufikisha mbali, mradi tuijue njia tuliyomwelekeza. Na kwa kuwa yaliingia kwa kurudiwa, hutoka kwa kurudiwa. Na katika hayo mna rehema kubwa kwa mwenye kutubia, kwani mkono uliofunzwa kupunja waweza kufunzwa kutimiza, ratili kwa ratili, mpaka utimize hata bwana wake akiwa ameghafilika. Haya ndiyo tuyaonayo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.