Msafiri Mwenye Jiko Lake

"Mwalimu, jiko tunaliweka wapi?"

Fundi aliuliza akiwa amechuchumaa ndani ya sanduku la gari, penseli sikioni, futi mkononi. Ilikuwa karakana ya Ngamiani, Tanga, msimu wa vuli, na tulikuwa tumeshamaliza sakafu na kuta. Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu ya kabini moja, injini ile ya 1HZ yenye silinda sita ambayo mafundi wa nchi hii wanaitambua kwa mlio. Nililinunua kwa kiinua mgongo, baada ya miaka 31 ya kufundisha jiografia. Miaka yote hiyo niliwaambia watoto kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na mimi mwenyewe sijawahi kuchovya kidole ndani yake. Nikaweka nia kwamba nikistaafu nitakwenda na mke wangu, polepole, tukilala pale tutakapopapenda.

Kijumba tulikijenga juu ya bodi. Fremu ni bomba za mraba za alumini zilizopigwa ribiti, kwa sababu fundi wa kuchomelea alumini ni adimu. Kuta ni plaiwudi ya majini ya milimita 9. Lakini roho ya kazi yote ni paa. Likishushwa, gari linakuwa fupi, upepo wa malori hauliyumbishi, matawi hayalikwangui. Likiinuliwa kwa nguzo nne za gesi, kama zile zinazoshikilia mlango wa nyuma wa gari dogo, kuta za turubai zinanyooka pande zote na mtu mzima anasimama wima. Turubai lilishonwa na mzee ambaye ujanani alishona matanga ya majahazi. Alikunja pindo mara mbili, akapitisha kamba ndani ya pindo, na siku tulipoinua paa mara ya kwanza akatamka neno ambalo sijalisikia tangu baba yangu afariki. "Limetwekwa," alisema.

Kila kitu nilikipima kwenye mizani kwanza, maana gari la namna hii hubeba tani moja hivi, na tani huisha upesi. Lita 60 za maji ni kilo 60, hazina ujanja. Betri ya pili kilo 29. Mtungi mdogo wa gesi pamoja na chuma chake, kilo 13. Vitu vizito vikae chini, na mbele ya ekseli ya nyuma; vikiwa nyuma yake, usukani unakuwa mwepesi kuliko inavyofaa. Jiko la plate mbili tuliliweka upande wa kulia chini ya dirisha, na fundi akaliwekea kifuniko cha bati ili liwe meza. Nililipenda lile jiko kuliko kitu chochote humo ndani.

Safari ya kwanza ilikuwa Kigoma. Tulipita Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora. Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa Shafi anayekwenda mwendo wa marhala mbili, ambao leo unakadiriwa kilomita 80 na ushei, anaruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne ziwe mbili tangu anapoyapita majengo ya mji wake, na kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Akinuia kukaa mahali siku nne, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa inakoma, amekwisha kuwa mkaazi. Tanga kibla ni kaskazini, karibu kamili. Wazee wetu hata kaskazini yenyewe huiita kibla. Kila tulipozidi kwenda magharibi ilinibidi nigeuke kulia zaidi kidogo, sindano ya dira ikiwa pale pale, mpaka karibu na mto Malagarasi nilikuwa nimegeuka nyuzi 17 hivi kutoka kaskazini. Nyumba yangu nilikuwa nayo siku zote, mita mbili nyuma ya kiti. Nyumba ya Makka ndiyo iliyoniambia kwamba nimekwenda mbali.

Kijiji ninachotaka kukisimulia kiko baada ya Kaliua. Tulifika jua likianza kuwa jekundu, miombo pande zote, mizinga ya magome imetundikwa mitini. Nikapiga hodi kwenye nyumba yenye mwembe mkubwa, nikaomba kuegesha chini yake mpaka asubuhi. Mwenye nyumba, mrina asali wa miaka sabini hivi, akasema mwembe ni wenu, lakini kulala mtalala ndani. Chumba cha vijana wangu kitupu, wenyewe wako Tabora. Akamwita mjukuu wake akifagie. Binti akachukua ufagio.

Nikasema, "Asante sana, mzee wangu, usijisumbue. Tuna kila kitu humu ndani."

Niliyasema kwa adabu, nikiamini ninampunguzia mzigo mtu asiye na kingi. Mzee akalitazama gari, akamtazama mjukuu. "Haya," akasema. Binti akauegemeza ufagio ukutani.

Tukatweka paa. Mke wangu akapika wali na kunde, tukala chini ya taa nyeupe, nyavu za mbu zimefungwa. Kule upande wa pili niliona moto wao tu. Wao walituona sisi vizuri sana.

Alfajiri, baada ya kusali, nikasikia sauti nje ya mlango wangu wa alumini. "Hodi."

Kwa mazoea ya ulimi nikajibu, "Karibu."

Neno lilikuwa limeshatoka ndipo nilipolisikia. Nimemkaribisha mtu kwenye ardhi yake, chini ya mwembe wake. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu, akafanya kama mgeni anavyofanya. Akavua kandambili, akakaa kwenye kingazi chetu magoti yakiwa yamekutana, akapokea chai kwa mikono miwili. Alipomaliza akatoa chupa ndogo mfukoni mwa koti. "Na asali mnayo?" akauliza. Nikamwambia hatuna. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaisahau. Njia nzima ya kwenda ziwani na ya kurudi, ile chupa nilikuwa nikiiona kila nikifungua kabati, na swali likakomaa ndani yangu. Mtu aliyebeba nyumba yake ni msafiri kweli? Na kama si msafiri, zile rakaa mbili nilizoziacha kila mara niliziacha kwa haki gani?

Nikaenda kwa Maalim aliyenisomesha chuoni utotoni, bado yu hai, bado anaona vizuri kuliko mimi. Hakushangaa. Alisema hilo limeulizwa zamani, ila liliulizwa juu ya vyombo vya baharini. Kwa Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki Baghdad mwaka 855, baharia asiye na nyumba ila chombo chake, akawa na ahali zake humo, hapati ruhusa ya msafiri. Asali nne kamili, na Ramadhani afunge. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1223, anapomweleza mtu huyo anavitaja vitu alivyo navyo chomboni: watu wake, tanuri lake na mahitaji yake. Wanazuoni wetu wa Shafi wanamruhusu kupunguza, lakini wanaona bora akamilishe. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anasema mkaazi wa mahema safari yake huanza anapoipita kambi. Maana yake hata kitambaa kinaweza kuwa nyumba, na anayeondoka na kitambaa chake ana hesabu yake.

Tanuri! Kitabu kiliandikwa na mtu wa Damascus, na neno ni lile lile tunalolitumia Tanga. Kwetu hata kijana akioa tunasema amepata jiko. Nilikaa juu ya jamvi la Maalim nikiwaona mke wangu na lile jiko la plate mbili chini ya dirisha, wote wawili wametajwa kitabuni miaka 800 kabla fundi hajaniuliza tunaliweka wapi.

Maalim akanitoa wasiwasi wa hukumu kwa sentensi moja. "Wewe una nyumba Ngamiani, ina bati na mlango na jirani anayekudai sukari, basi punguza sala yako." Hukumu ikaisha hapo. Kilichobaki ni kile hukumu ilichonionyesha.

Kwa siku nyingi nilidhani kosa langu lilikuwa starehe. Godoro, jokofu, taa. Wako watu wanaofikiri hivyo, kwamba safari ya kweli ni ya mashaka, na kwamba anayelala vizuri anaidanganya njia. Fikihi inakataa. Wanazuoni wanatenganisha hekima na sababu: hekima ya kupunguziwa ni mashaka, lakini sababu ni safari yenyewe, kwa hiyo mfalme anayesafiri kwa raha zote hupunguza sala kama mchukuzi wake. Wahenga wetu walilisema jambo hilo hilo kwa upande wa pili: msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sultani ana dhahabu, ana askari, ana kitanda kinachobebwa, na bado ni maskini kwa kuwa yuko mahali ambapo mto kina chake, mbwa tabia zake na kisima mwenyewe anavijua mwingine. Umaskini huo hauondolewi na godoro. Basi godoro langu halina hatia, wala jokofu. Baharia wa Imamu Ahmad hana starehe yoyote, analala juu ya mbao zenye chumvi, na bado anakosa ruhusa, kwa sababu moja tu: hakuna alichokiacha nyuma, wala mbele hakuna anayemhitaji.

Baba yangu alipoleta boriti kutoka Rufiji alikuwa na jiko pia chomboni, kasha la mbao lililojazwa mchanga, moto juu ya mchanga. Lakini mama alikuwa Tanga. Na kila bandari walikuwako watu ambao baba aliwataja kwa majina mpaka anakufa, waliompa kitanda, na yeye akawapa kitanda kwetu. Mimi mwenyewe nimelala chini utotoni ili mtu wa Kwale alale kitandani kwangu. Sikulalamika, nilijiona mkubwa.

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331 akafika Kilwa, alisimulia desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kikitia nanga, vijana walikijia kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Najua walikuwa na lao la kibiashara, kwani mwenyeji ndiye aliyemsimamia mgeni katika kuuza na kununua. Hata hivyo ile sahani siiachi. Chombo cha siku zile hakikukosa moto wala mchele, na chakula kilipakiwa mashuani vivyo hivyo.

Nilipomsomea mke wangu mawazo haya alinipinga, na hoja yake ni nzito. "Utakwenda na gari la mamilioni ukamlie mtu kuku wake wa mwisho, useme unamheshimu?" Singida na Dodoma tulipita kwenye vijiji ambako maji yananunuliwa kwa dumu. Kuomba huko ni kuiba kwa upole. Sina jibu linaloifuta hoja yake. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mzee hakuniambia anataka kuchinja kuku. Alitaka kufagia chumba. Kati ya kumla mtu na kumfungia mlango ipo nafasi pana, nami usiku ule niliivuka yote kwa maneno matano. Nilipaswa kusema ndiyo kwa chumba, na mchele wetu tukaupika kwenye moto wao.

Mwezi uliopita tulikwenda kusini. Fundi alikuwa ameniuliza kama aongeze tangi la pili la maji, nikamwambia anifungie ndoano za madumu, tangi hapana. Jioni ya pili tulikuwa kijiji kimoja kupita Nangurukuru, tumeegesha nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, kwa ruhusa yake. Mke wangu alishika kiberiti. "Niwashe?"

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Magharibi iliingia. Nilisali rakaa tatu, kisha nikaleta isha kwa rakaa mbili. Nilipotoa salamu, kuliani nikamwona mtoto wa kiume wa miaka minane hivi amesimama mbali kidogo kwa adabu, akingoja nimalize, sahani mikononi, juu yake kawa la ukindu lenye mstari mwekundu. Ilikuwa mihogo ya nazi na kipande cha samaki mkavu. Tulikula nje, juu ya mkeka, taa ya ndani tumeizima. Sahani hairudi tupu. Mke wangu akaiosha, akafungua droo iliyo chini ya jiko, akaanza kutafuta zile tende tulizotoka nazo nyumbani.