Nani Aweza Kusema "Hapa Ni Kwetu"?

Kila mwaka wageni wengi hushukia Arusha, wakipita chini ya Mlima Meru kwenda kutazama wanyama wa porini. Miongoni mwao wamo wachache waliovutwa na haja nyingine. Hao ni wazao wa watumwa waliopelekwa Marekani, nao waja kuitafuta nchi ya babu zao. Swali lao latupasa na sisi kulifikiri: ni kitu gani kimpacho mtu haki ya kusema, "Hapa ni kwetu"? Je, ni damu peke yake?

Watumwa walio wengi waliovushwa bahari ya Atlantiki hata Marekani ya Kaskazini walitoka upande wa magharibi wa Afrika, tangu Senegambia mpaka Angola. Wa upande wetu walikuwa wachache. Basi mjukuu wao afikapo Arusha hakuti kaburi la babu yake, wala ukoo wa kumpokea kwa jina. Walipomwiba mtu waliiba na jina la kijiji chake. Dhuluma hiyo haikwisha siku minyororo ilipokatwa, na hamu ya mgeni huyo si jambo la kuchekwa.

Hata hivyo, nchi aifikiayo si nyumba tupu iliyokuwa ikimngoja. Ina wenyewe, nao wameilipia. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Tena wazee wa baadhi ya koo za Kimeru husimulia kwamba babu zao walitoka Usambara. Nao, basi, walikuwa wageni mlimani; wakaufanya kwao kwa kupanda migomba na kuzika wafu wao.

Jambo hilo limeonekana tena katika siku zetu huko Imbaseni, kijiji kilicho mashariki ya mji wa Arusha. Pete O'Neal na mkewe Charlotte, watu wa Kansas City, walifika Tanzania mwaka 1972. Bwana huyo alikuwa kiongozi wa Black Panther mjini kwao, akakimbia kifungo cha miaka 4. Siasa za ujana wake si shauri letu leo. Twatazama alivyoishi ugenini. Walijenga, wakakaa na majirani, na mwaka 1991 wakaanzisha United African Alliance Community Center, ambapo vijana wa kijiji walifundishwa Kiingereza, kompyuta na sanaa bila malipo. Hawakuwa na babu aliyezikwa Imbaseni. Walikuwa na kazi waliyoifanya pale, na majirani waliowapokea.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hii ni ya kumchoka mgeni. Sisi twaiona ni ya kumheshimu, kwa kuwa ampewaye jembe amekwisha kuhesabiwa mtu wa nyumbani. Mgeni anayedai nyumba lakini alikataa jembe hujidanganya. Na mwenyeji je? Amwitaye ndugu huyu "Mzungu" sokoni, akampandishia bei, amemficha jembe lake. Kosa hilo ni letu, si la mgeni.

Tena tusidhani neno hili lawahusu watu wa ng'ambo tu. Wako watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam, au Ulaya, waletwao kijijini mwisho wa mwaka kupigwa picha na bibi, wasiweze hata kumwamkia kwa lugha yake. Damu wanayo, wala hapana awezaye kuwanyang'anya. Lakini wakiondoka bila kuchota maji, bila kupalilia shamba, bila kujua majina ya waliolala chini ya migomba ile, wamepita kama watalii. Wazazi, wafikapo safari ijayo, wapeni jembe mapema, hata kabla ya siku ya tatu.