Shajara Isiyo na Mama

Babu wa babu yangu alitoka Shihr, Hadhramaut, akashuka Unguja na jahazi la msimu wa kaskazi. Shajara ya ukoo inamtaja yeye na baba zake hadi Tarim. Mama wa watoto wake hayumo. Hati ya wakfu wa shamba la mikarafuu inamtaja kama suria tu, bila jina. Sheria ya Kiislamu iliwapa wanawe uungwana na urithi. Yeye ilimpa uhuru bwana wake alipofariki.

Naye alihama, tena kwa kutekwa, kutoka bara. Shangazi husema nasaba hufuata baba, yatosha. Mimi naona haitoshi. Tunaamini kwamba Siku ya Kiyama nasaba haitamfaa mtu. Mbona basi tumeitunza kwa bidii hii, tena nusu yake tu?

Kwenye hitima yetu husomwa majina ya marehemu, nami nimeomba mama huyo naye aombewe. Maalimu akanijibu kwamba Mola anamjua. Nakubali kabisa. Lakini shajara tumeiandika sisi, na nataka awe na mstari wake, hata mahali pa jina pakibaki patupu.