Sumu ya Sifongo ni ya Nani?

Sifongo wa baharini ni mnyama asiye na mdomo, tumbo, neva wala moyo. Akishashika mwamba, hukaa papo hapo maisha yake yote, akivuta maji kwa vitundu vidogo vilivyotapakaa mwilini na kuchuja chakula kilichomo. Hawezi kukimbia wala kuuma, hivyo wengi wao hujikinga kwa kemikali. Sifongo mwekundu wa Bahari ya Shamu, Negombata magnifica, akiminywa hutoa majimaji yanayowafukuza samaki papo hapo. Mwilini mwake mna latrunkulini, kampaundi inayovuruga aktini, protini inayoipa seli umbo lake. Kampaundi za asili zilizopatikana katika sifongo ni maelfu, na chache kati yake zimezaa dawa. Kemia hueleza vizuri zilivyoundwa na zinavyofanya kazi. Linalobaki kwa falsafa ni swali jingine: sumu hiyo ni ya nani?

Ugumu unaanzia kwenye mwili wenyewe. Aristotle, katika maandishi yake juu ya wanyama, alitaja dai kwamba sifongo hujikunyata akihisi kwamba yu karibu kung'olewa, akaongeza kuwa watu wa mji wa Torone walilikataa. Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani, Henry Van Peters Wilson, alieleza jaribio lililotia shaka kubwa zaidi. Alikata sifongo vipande vidogo, akavikamua ndani ya kitambaa laini cha hariri hata seli zikapenya matunduni na kutua chini ya chombo cha maji ya bahari. Seli zile zilitambaa, zikakutana, zikashikamana na kuwa vidonge, na vidonge hivyo vikakua kuwa sifongo wazima wenye vitundu na mifereji. Huko Jambiani, Unguja, wanawake wanaolima sifongo wa kuogea hutegemea uwezo uo huo: humkata sifongo, hutunga vipande kwenye kamba baharini, na kila kipande hukua mpaka kuwa sifongo kamili. Mbuzi akikatwa vipande huwa nyama, sifongo huongezeka. Fikra iliyozoea kwamba kila mnyama ni mmoja, mwenye mwanzo na mpaka wake, haina pa kushika hapa.

Wanakemia walianza kazi bila kulihitaji swali hilo. Werner Bergmann, akishirikiana na Robert Feeney, alichunguza sifongo aliyeokotwa katika maji ya Florida, anayeitwa leo Tectitethya crypta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitangaza nyukliosidi za ajabu, spongothimidini na spongouridini. Nyukliosidi ni vijenzi vya DNA na RNA, na kila kimoja hubeba sukari: raibosi au ndugu yake iliyopungukiwa oksijeni. Zile za sifongo zilibeba arabinosi. Tofauti yake na raibosi ni ndogo mno: kundi moja la oksijeni na hidrojeni limegeukia upande wa juu wa pete ya sukari badala ya chini. Seli hudanganyika. Hupokea kijenzi cha namna hii kana kwamba ni chake, kisha kazi ya kunakili DNA inakwama. Kwa kufuata mfano huo wanakemia waliunda sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na inayotumika hadi leo, na vidarabini, dawa ya virusi. Sitarabini yenyewe haikutolewa kwa sifongo. Kilichotoka kwake ni wazo la sukari iliyogeuzwa.

Kwa muda mrefu kampaundi kama hizi ziliitwa za sifongo, kwa kuwa ndimo zilimokutwa. Lakini ndani ya sifongo wengi wanaishi bakteria chungu nzima, ambao kwa baadhi ya sifongo hao hufikia hata theluthi ya uzito wa mwili. Mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Jörn Piel lilionyesha kwamba katika Theonella swinhoei wa Japani, jeni za kutengenezea karibu kampaundi zote za peptidi na poliketidi zilizojulikana kwa sifongo huyo zimo kwa bakteria mmoja mwenye umbo la uzi, Entotheonella. Karibu ghala lote la sumu lilikuwa la mgeni.

Wepesi wa kumkabidhi bakteria sifa yote unatokana na imani kwamba mtengenezaji ni yule mwenye maagizo. Imani hiyo ni finyu. Aristotle alifundisha kuuliza sababu kwa njia nne: kitu kimetokana na nini, kina umbo gani, nani amekianzisha, na ni kwa ajili ya nini. Maagizo ya umbo yamo katika jeni za bakteria. Malighafi huletwa na maji ambayo sifongo huyasukuma mchana na usiku. Na faida ya sumu, yaani kutoliwa, humfikia kwanza sifongo, kisha mpangaji wake kwa sababu nyumba imesalimika. Mwenye maagizo na mwenye kukingwa si mmoja, na hakuna anayeweza kutajwa peke yake bila jibu kupungukiwa. Kauli iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba sumu ni ya ushirika huo, na kwamba jina la sifongo, katika viumbe wa namna hii, ni jina la maisha ya pamoja.

Kisha kuna umbo lililoachana na mwili kabisa. Mwaka 1986 Wajapani Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura walieleza halikondrini B, iliyotoka kwa Halichondria okadai: kilo 600 za sifongo zilitoa miligramu 12.5 tu. Hakuna bahari inayoweza kulisha hospitali kwa kiwango hicho. Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliiunda molekuli hiyo maabara mwaka 1992, ikabainika kwamba nguvu yake yote imo katika nusu moja. Kutokana na nusu hiyo kampuni ya Eisai ilitengeneza eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Hakuna sifongo anayeguswa katika kuitengeneza, lakini hakuna mwanakemia aliyekuwa ameibuni kabla ya kuiona kwa sifongo. Deni lipo, nalo ni deni la umbo.

Sheria imejaribu kulishika deni hilo kwa kuuliza kitu kilichukuliwa wapi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 hutambua mamlaka ya nchi juu ya rasilimali za kijenetiki zilizo ndani ya mipaka yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2023 kuhusu bahari zilizo nje ya mipaka ya nchi umekwenda mbele zaidi: pamoja na viumbe wenyewe, unagusa pia taarifa za kidijitali za mfuatano wa jeni zao.