Maji Yaliyolala

Wajukuu zangu wa Msasani, nimesikia mkibishana juu ya klorini. Wengine mnasema ile harufu ya maji ya bomba huleta saratani, heri maji ya kisima. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, ila mmeielekeza pasipostahili.

Maji yetu hutoka mto Ruvu, kwenye mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo, uliojengwa mwaka 1976. Masika mto hushuka na tope na majani yaliyooza. Mtambo hugandisha tope, huchuja, kisha hutia klorini. Masalia ya majani yaliyopenya chujio yakikutana na klorini huzaa kemikali mpya, klorofomu ikiwemo; hizo ndizo chanzo cha hofu yenu. Johannes Rook, mkemia wa Rotterdam, alieleza jambo hilo mwaka 1974. Leo Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha klorofomu mikrogramu 300 kwa lita moja; Marekani inataka klorofomu na ndugu zake watatu kwa pamoja wasizidi 80.

Lakini kazi hiyo ya klorini na masalia haiishi mtamboni. Maji husafiri zaidi ya kilomita 50, hupumzika kwenye matangi makubwa, ndipo yatufikie. Kadiri yanavyokawia, na kwa joto hili letu, klorini hupungua na klorofomu huongezeka. Kisha tunayatia kwenye simtanki la uani, jua linalichoma mchana kutwa, chini limejaa tope la miaka. Maji yakilala humo wiki nzima kwa kuogopa mgao, kinga imeisha na kemikali zimebaki.

Wapo pia ndugu wengine, asidi zenye klorini, ambao tabia yao ni tofauti. Hao huliwa na bakteria wa ule utelezi wa ndani ya mabomba, mahali ambapo klorini imekwisha nguvu. Kwa hiyo ninyi mnaosomea maabara, mkiona kipimo cha asidi hizo kimeshuka mwisho wa bomba, msifurahi kabla hamjapima klorini.

Visima je? Sisi tumepakana na bahari, na kisima chenye chumvi huwa na bromidi. Kikitiwa klorini, huzaa bromofomu, ndugu wa klorofomu, na wenzake. Kisipotiwa, mnakunywa kilichovuja kutoka vyoo vya jirani. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa hapa Kinondoni kabla ya kuenea nchini. Kipindupindu huua mtu kwa saa chache. Madhara ya klorofomu huhesabiwa kwa miaka mingi ya kunywa. Asiwadanganye mtu kwamba hatari hizi mbili zinalingana.

Basi osheni matangi, tope litoke lote, na mfuniko ukae sawasawa. Yanayoingia leo yatumike kesho, yasirundikwe. Maji yenye tope yaacheni yatulie, mchuje, ndipo mtie dawa ya klorini. Ukitia dawa juu ya tope unaongeza kile kile unachokiogopa. Mkichemsha, acheni sufuria wazi, sehemu kubwa ya klorofomu hutoka na mvuke. Yakipoa, funikeni.

Na msiishie nyumbani. Nendeni serikali ya mtaa, muombe DAWASA, mamlaka yetu ya maji, ipime klorini na klorofomu, vyote viwili, kwenye koki ya nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa wetu, na majibu yabandikwe mahali kila mtu atayasoma.