Mbwa Anayefaa Nyumba Yetu

Mtu akimaliza kujenga nyumba hapa Kampala na kuizungushia ukuta, swali linalofuata baada ya geti ni mbwa. Nalo huulizwa kwa namna moja tu: aina gani inafaa? Majibu huwa tayari. Anayetaka ulinzi anaambiwa anunue German Shepherd. Mwenye pesa zaidi anatajiwa Boerboel wa Afrika Kusini. Mwenye watoto wadogo anashauriwa Labrador. Mazungumzo yenyewe hufanana na ya kununua gari: anakula kiasi gani, ana nguvu gani, ukimuuza utapata ngapi?

Sina ugomvi na kuuliza. Ni vizuri mtu afikiri kabla ya kuleta kiumbe nyumbani kwake. Ninachokipinga ni kwamba tunauliza upande mmoja. Tunataka kujua mbwa atatufaa kwa nini, hatutaki kujua nyumba yetu itamfaa kwa nini. Hoja yangu ni hii: kila sifa tunayoilipia kwa mbwa wa nasaba ni hitaji pia, na mwenye kuinunua sifa amejifunga kulitimiza hitaji.

Tumchukue German Shepherd, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi. Aina hii ilianza kuandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kwa juhudi za Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa jeshi. Yeye alitaka mbwa wa kuchunga kondoo: mwenye miguu ya kutembea kutwa, masikio ya kuishika sauti ya mchungaji, na akili ya kujua lini kondoo anataka kutoroka. Sifa hizo ndizo zinazomfanya awe ghali mpaka leo. Sisi tunazilipia, tunamleta nyumbani, kisha tunamfungia katika kibanda cha mabati tangu alfajiri hadi saa moja jioni ili usiku atoke akiwa mkali. Miguu iliyotafutwa kwa vizazi vingi haina pa kwenda. Akili ile inabaki kuutazama ukuta. Mbwa anazunguka mahali pamoja, anatafuna mbao za mlango, anabwekea hata kivuli cha nguo kwenye kamba, nasi tunawaambia wageni kwamba huyu ni mkali kweli kweli. Kwa maoni yangu huo si ukali, ni taabu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tazama kwamba hawakutaja nasaba ya mbwa, walimtaja msasi.

Tulipomsoma Immanuel Kant darasani, wengi tulishangaa kwamba mwanafalsafa wa wajibu hakuona wajibu wowote wa moja kwa moja kwa wanyama. Kwake, mtu anayempiga risasi mbwa wake mzee aliyemtumikia miaka mingi hamkosei mbwa. Anauharibu utu wake mwenyewe, na kesho ataweza kuwa katili kwa watu. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alilikata jambo kwa njia fupi zaidi: la kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaumia. Mimi niko upande wa Bentham. Mbwa aliye kibandani anaumia hata kama mimi nitabaki mtu mpole kwa majirani maisha yangu yote.

Yako pia mambo ambayo hata uwanja mkubwa hauyatibu. Bulldog na Pug wamefupishwa pua hadi wengi wao wanapumua kwa shida, na joto la mchana huzidisha shida hiyo. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua kwamba kuendelea kuzalisha mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya maradhi yaliyojaa katika ukoo wao. Hapo anayechagua kwa kuangalia uso mzuri anaagiza ugonjwa bila kujua, na kila anayenunua anamwambia mzalishaji aendelee.

Mbwa wetu wa kienyeji hana cheti, na kwa hiyo tunamdharau. Lakini yupo mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine, aliyepelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 na leo ameandikwa katika vitabu vya nasaba kwa jina la Basenji. Jina hilo lina undugu na neno letu “mshenzi”. Mbwa ni yule yule wa kijijini. Kilichobadilika ni karatasi.

Najua atakayesema: watu wana njaa, wewe unalilia mbwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inamwangukia yule anayenunua mbwa wa kula nyama kila siku ili geti lake lisifiwe. Haimwangukii anayeomba kwamba aliyekwisha kuletwa afunguliwe.

Kwetu swali hili si la darasani. Tangu wezi waruke ukuta, mjomba anasisitiza kwamba tununue Boerboel. Mimi napendekeza mtoto wa mbwa wa kienyeji, apate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, ambayo hata mwenye cheti anaihitaji, na mchana awe huru uani. Lakini kadiri tunavyobishana naona kwamba sote wawili tunachagua kazi ya mtu mwingine. Mjomba anakaa Jinja, mimi nipo bwenini. Atakayepika chakula cha mbwa, kufagia kinyesi na kumshika siku ya chanjo ni dada anayetusaidia kazi, naye hakuwapo katika kikao hata kimoja. Jirani yetu wa ukutani ni Mwislamu. Mate ya mbwa yakigusa nguo yake, lazima aitwaharishe kabla ya kuswali. Dini yake inaruhusu mbwa wa ulinzi, hivyo hatatukataza, ila ni haki yake kujua mbwa huyo atapita wapi. Hawa nao ni sehemu ya nyumba ambayo mbwa anatakiwa kuifaa.

Mama bado hajaamua. Juzi alimuuliza yule dada anaonaje, akajibu kwamba yeye anamwogopa mbwa kuliko mwizi.