Visogo vya Omaha: Maadili ya Picha ya Vita Ukutani

Tarehe 6 Juni 1944, Robert F. Sargent, mpigapicha wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, aliwapiga picha askari wakishuka chomboni kuuendea ufuo wa Omaha, Ufaransa. Leo picha hiyo huchapwa kwenye turubai na kuuzwa iwe pambo la sebuleni. Je, ni haki hofu ya binadamu kugeuzwa pambo? Aghalabu hujibiwa kwamba kutundika ni kukumbuka. Hata hivyo, fani ya picha yenyewe yatoa onyo: askari wanampa mtazamaji kisogo, naye amewekwa chomboni, mahali pa asiyeshuka. Usalama huo ni deni. Picha iliyochaguliwa ili ioane na mapazia hailipi deni hilo, hulificha.